Kipimo Kiwe cha Wote, Kauli Iwe ya Kila Mtu

Wanangu na wajukuu zangu mnaotafuta riziki hapa Singida Mjini, wa Misuna na Mandewa, wa Ipembe na Unyankindi, kila msimu wa mavuno nasikia vinywani mwenu kauli moja: "Mzigo ni wangu, nafunga nitakavyo, huo ni uhuru wangu." Mwingine, mwenye kitabu cha risiti mkononi, hujibu: "Sheria ni sheria, shusha mzigo." Wanapokezana kelele hizo mpaka jua linazama, na hakuna aliyemweleza mwenzake lolote. Ndiyo maana nimeona niseme nanyi kwa maandishi, kwa utulivu, kuhusu mizani, kuhusu uhuru, na kuhusu namna ya kubishana bila kuvunjiana heshima.

Neno langu ni hili: mtu huwa huru sokoni pale kipimo kinapokuwa cha wote na kauli inapokuwa ya kila mtu. Ukiondoa kimojawapo, mwenye nguvu atakula jasho la mnyonge, tena mchana kweupe.

Tuanze na gunia. Lumbesa mnaijua, wengine mmeishona kwa mikono yenu. Gunia la vitunguu hujazwa hadi mdomoni, halafu huongezwa kipande cha neti juu yake, vitunguu hupangwa kimoja kimoja kuzunguka, kamba hupitishwa huku na huku, na mshonaji hukaza kwa goti mpaka kilemba kinasimama. Mkulima hulipwa gunia moja. Mzigo ukifika Dar es Salaam hufunguliwa na kuuzwa kwa kilo, kwa ndoo au kwa sado, na hapo kila kitunguu kilichokuwa kwenye kilemba kina bei yake. Pigeni hesabu wenyewe. Kilemba kikiwa na kilo 20 tu, mkulima aliyeuza magunia 50 ametoa bure kilo 1,000. Tani nzima ya vitunguu alivyovipalilia, kuvimwagilia na kuvipulizia dawa imeondoka bila hata kutajwa kwenye mapatano.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, iliyotungwa mwaka 1982, haikukaa kimya juu ya jambo hili. Mazao ya shamba yanatakiwa yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, na biashara ifanyike kwa mizani iliyohakikiwa na kupigwa chapa. Kazi hiyo iko mikononi mwa Wakala wa Vipimo tangu mwaka 2002. Jirani zetu wa Kenya nao, baada ya wakulima wa viazi kuchoshwa na magunia ya namna hiyohiyo, waliweka kanuni mwaka 2019 kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Tatizo hili basi si la Wanyaturu wala Wanyiramba peke yao.

Lakini sheria ipo na lumbesa ipo. Kwa nini? Msikimbilie kusema kwamba watu ni wabaya. Tazameni fedha inavyotembea. Ushuru mara nyingi hukatwa kwa gunia. Nauli ya lori huhesabiwa kwa gunia. Kuli hulipwa kwa gunia. Basi mfanyabiashara anayenenepesha gunia anaokoa mara tatu kabla hata hajafika sokoni, na yule anayefuata kilo 100 anajiona amepata hasara kwa sababu ya uaminifu wake. Hapo ndipo kijana mwema hujikuta ameshika sindano na kamba, akijiambia kwamba ndivyo soko lilivyo.

Anayeumia kwanza ni mkulima. Wa pili ni kuli, ambaye hatajwi katika mabishano haya. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba mzigo anaoubeba mwanamume mtu mzima usizidi kilo 55. Lumbesa moja yaweza kuwa zaidi ya mara mbili ya uzito huo, na inapandishwa kwenye lori kwa ubao uliolalia bodi, kwenye mgongo wa kijana asiye na bima. Uhuru wa kufunga gunia utakavyo, wanangu, unabebwa na mgongo wa mtu mwingine.

Sasa nije kwenye hoja yenu, maana ina uzito na sitaki kuipita pembeni. Mnasema: "Mzee, tumepatana. Muuzaji kakubali, mnunuzi kakubali, serikali inaingiaje?" Ni hoja ya watu huru, na mtu asiwacheke kwa kuisema. Lakini mapatano ya kweli yanataka kila upande ujue unachotoa na unachopokea. Mama ana vitunguu vilivyokwisha ng'olewa na vinaanza kuota, anadaiwa pesa ya mbegu, na dereva wa lori ameshawasha injini. Akiambiwa "ongeza kilemba au tunaondoka", atakubali. Tusiite kukubali huko uhuru.

Tena tofautisheni bei na kipimo. Bei ni yenu. Dalali ana haki ya kusema atanunua kwa bei hii na si ile, mkulima ana haki ya kukataa, na akiona inafaa atauza kwa hasara, atampa jirani bure au atasubiri kesho. Mizani haimkatazi lolote katika hayo. Inachofanya ni kuhakikisha kwamba wanaposema kilo, wote wawili wanasema kitu kimoja. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara za 29 na 30, inaweka wazi kwamba haki na uhuru wa mtu havitumiki kuvunja haki na uhuru wa wengine. Mkisoma ibara hizo na lumbesa mbele yenu, mtaelewa kwa nini ziliandikwa.

Wala msidhani kwamba kipimo cha pamoja kililetwa ili kuwabana wanyonge. Historia inasema kinyume. Ufaransa, kabla ya mapinduzi ya mwaka 1789, karibu kila mji ulikuwa na kipimo chake cha nafaka, na mabwana wa ardhi walikuwa na vyao. Wakulima walipoitwa kuandika malalamiko yao kwa mfalme mwaka ule, wengi walilalamika juu ya vipimo: bwana anapokea nafaka kwa chombo kikubwa kilichojazwa kwa lundo, na vyombo hivyo vinakua mwaka hadi mwaka. Hiyo ilikuwa lumbesa yao. Kutokana na kilio hicho, pamoja na kazi ya wanasayansi, ikatoka sheria ya mwaka 1795 iliyoleta mita na gramu. Waliodai kipimo kimoja walikuwa watu wa jembe.

Hata hivyo mfumo huo haukupokewa kwa siku moja. Watu walishikilia vipimo vya babu zao, serikali ikalegeza, na ni mwaka 1840 tu ndipo mita na kilo zikawa lazima Ufaransa nzima. Miaka 45 ilipita. Nawaambia haya ninyi mnaoshika madaraka: desturi ya watu haifutwi kwa faini ya asubuhi moja.

Kwetu pia vipimo vimepokezana. Wazee wetu walinunua nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja. Pembe za ndovu na karafuu zikapimwa kwa frasila. Wajerumani wakaja na mita na kilo, Waingereza wakafuata na ratili, futi na galoni, na baada ya uhuru, mwishoni mwa miaka ya 1960, Tanzania ikarudi kwenye mita na kilo pamoja na Kenya na Uganda. Mpaka leo fundi seremala hapa mjini anaagiza mbao ya mbili kwa nne yenye futi 12, na fundi ujenzi anaagiza nondo ya milimita 12 na mfuko wa saruji wa kilo 50, siku hiyohiyo, kwenye duka hilohilo. Saa zetu tunazihesabu kuanzia mapambazuko, na abiria wa basi la kwenda Mwanza anajua kwamba saa 12 asubuhi kwenye mazungumzo ni sawa na 06:00 kwenye tiketi. Desturi hizo hazimdhuru mtu, kwa sababu kila mmoja anajua nini kinamaanisha nini. Uhuru wa desturi una nafasi yake. Unakoma pale desturi inapokuwa kificho.

Nitawapa kisa cha mbali kidogo, kwa sababu kinahusu wauzaji kama ninyi. Mwaka 2000, katika mji wa Sunderland, Uingereza, maofisa walichukua mizani za muuza matunda aitwaye Steven Thoburn, aliyekuwa akiuza ndizi kwa ratili wakati sheria ilikuwa inataka kilo. Mwaka 2001 akatiwa hatiani. Yeye na wenzake wakakata rufaa, na hukumu ya Februari 2002 ikawa dhidi yao. Wapo waliomwona shujaa wa uhuru, wapo waliomwona mkaidi. Waliandika magazetini, wakachangishana pesa za mawakili, wakapanga hoja zao mbele ya majaji. Miaka 20 baadaye, serikali ya nchi hiyo ikauliza wananchi kama warudishiwe vipimo vya zamani. Watu zaidi ya 100,000 walijibu, na asilimia 98.7 wakachagua kuendelea na vipimo vya mita na kilo. Mkiniuliza upande wangu, nitasema kilo ilistahili kushinda. Lakini mwuza ndizi yule alistahili kusikilizwa, na alisikilizwa. Hayo mawili yanakaa pamoja.

Sasa nishuke hadi sokoni kwetu. Nilishuhudia ugomvi katika soko moja la mjini hapa. Mama kutoka upande wa Mkalama alikataa kuongeza kilemba. Dalali, kijana wa umri wenu, akamwambia, "Mama, hapa ndivyo tunavyofunga, kama hutaki rudisha nyumbani." Vijana wakakusanyika. Mmoja akapiga kelele kwamba dalali ni mwizi, mwingine akamwambia mama anatumiwa na watu wa siasa. Ilibaki kidogo ngumi zirushwe. Kuli mmoja, mtu mzima, akasema, "Leteni mizani." Ikaletwa ya kuning'iniza, ikafungwa kwenye boriti ya banda. Kabla gunia halijapandishwa, mama akasema, "Ngoja, mwanangu, mshale haujakaa sifuri." Kweli, ulikuwa umesogea. Ukarekebishwa mbele ya watu wote. Gunia la kwanza, lililofungwa tayari na kilemba chake, likasoma kilo 128.

Kelele zikakatika. Dalali hakufedheheshwa, maana kuli aliwahi kusema, "Haya, na yeye aeleze." Akaeleza habari za nauli na ushuru kwa gunia, na jinsi mwenye mzigo kule Dar es Salaam anavyomdai magunia manene. Mama akamsikiliza, kisha akasema, "Nimekuelewa, mwanangu. Basi tuuziane kwa kilo, na hiyo nauli tuione kwenye bei." Walivutana juu ya bei kwa muda mrefu, wakakaribiana, wakauziana. Bei haikuwa nzuri sana kwa mama. Lakini aliondoka akijua ameuza kilo ngapi.

Kutokana na siku ile, na nyingine nilizoziona, nina nasaha nne.

Ya kwanza: kabla ya kubishana, kubalianeni mnapima nini. Gunia lililojaa mahindi lina karibu kilo 100, lakini gunia hilohilo likijazwa alizeti halifiki hata kilo 70, kwa kuwa mbegu ile ni nyepesi. Anayesema "gunia kwa gunia" hajasema kitu. Na kilo nayo haimalizi yote: alizeti mbichi ina uzito wa maji, vitunguu vyenye udongo vina uzito wa udongo. Semeni basi kilo ngapi, kavu kiasi gani, safi kiasi gani. Fanyeni hivyo hata kwenye mkutano wa mtaa. Mtu akisimama na kusema pesa za kisima zimeliwa, asipigiwe makofi wala kuzomewa. Aulizwe: zilichangwa ngapi, zimetumika ngapi, daftari liko wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari, na lawama bila hesabu huvunja mtaa bure.

Ya pili: pambana na hoja, muache mtu. Pale sokoni ugomvi ulikaribia kuwa wa ngumi kwa neno "mwizi" na kwa kutajwa siasa. Mzani ulipozungumza, neno hilo halikuhitajika tena. Mji wetu una Mnyaturu, Mnyiramba, Msukuma, Mgogo na Mbarbaig, una misikiti na makanisa, una watu wa kila chama. Ukimtukana mtu kwa kabila lake, dini yake au chama chake, hujaipunguza hoja yake hata gramu moja. Na juu ya upunjaji dini zetu hazina ugomvi: Kurani ina sura nzima, ya 83, inayoitwa kwa jina la wapunjaji, na Mithali sura ya 11 inaanza na habari ya mizani ya hila. Shehe na mchungaji wakikaa benchi moja juu ya jambo hili, hawatapata la kubishania.

Ya tatu: mtafuteni asiyesema. Katika mkutano, wenye sauti kubwa watajisemea wenyewe. Mwulizeni kuli gunia lina uzito gani, maana yeye analijua kwa mgongo. Mwulizeni mama aliyekaa nyuma ameuza kwa bei gani. Uhuru wa maoni, ambao Katiba inautaja katika ibara ya 18, hauna faida kama wanaosema ni walewale kila siku, wakisikilizana wenyewe.

Ya nne: ukiona sheria ni mbaya, itii huku ukiipinga kwa mdomo wazi. Kama unaamini kilo 100 ni nyingi mno kwa mgongo wa binadamu, au ni chache mno kwa biashara yako, nenda kwa diwani, simama kwenye mkutano wa mtaa, andika, peleka hoja yako kwenye ushirika. Kuficha kilemba chini ya turubai usiku hakubadilishi sheria. Humzoesha mtu kuishi kwa kujificha, na mtu anayejificha hana uhuru wowote wa kujivunia.

Nanyi mliopewa dhamana ya kusimamia vipimo na kukusanya ushuru, ni wanangu pia, na nasaha hii inawahusu. Msianze na faini. Anzeni na maelezo. Pimeni mbele ya mwenye mzigo, mwonyesheni mshale, mwachieni aulize, mwandikieni risiti. Mkulima akiona mizani inatumika tu siku ya kumkamata, ataichukia, hata kama ndiyo inayomlinda. Na kama ushuru utaendelea kukatwa kwa gunia, mtakuwa mnakataza lumbesa kwa mkono mmoja na kuilipa kwa mkono wa pili. Ukatwe kwa kilo.

Ninyi mtakaopimiwa, jifunzeni kuikagua mizani. Tazama kwanza mshale au tarakimu: je, ziko sifuri kabla mzigo haujawekwa? Tafuta stika au chapa ya uhakiki ya mwaka huu. Kama ni ya mawe, hakikisha hayajachimbwa chini. Simama mahali unapouona uso wa mizani, na asiwepo mtu anayegusa gunia wakati linapimwa. Ukitia shaka, omba mzigo upimwe tena. Kuomba hivyo si ukorofi. Ni haki yako, na muungwana hakasiriki.

Mjue pia kwamba kilo haina mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka 100 kilo ya dunia ilikuwa kipande cha madini kilichofungiwa kabatini karibu na Paris. Tarehe 20 Mei 2019 kipande hicho kilistaafishwa, na sasa kilo inatambuliwa kwa kanuni ya maumbile isiyobadilika, ambayo haiko mikononi mwa mfalme, tajiri wala serikali yoyote. Kilo ya bibi anayeuza dengu Ilongero ni ileile ya mfanyabiashara wa dhahabu Dubai. Ni vitu vichache sana duniani ambavyo maskini na tajiri wanavishika kwa usawa namna hiyo. Msikubali kunyang'anywa.

Basi nawaombeni hivi. Kabla ya mavuno yajayo, kila kikundi cha wakulima kichange kinunue mizani moja, kiipeleke ikahakikiwe, na kiiweke mahali pa wazi ambapo hata mtoto anaweza kusoma namba zake. Madalali wa mjini hapa kaeni na wakulima, wenye malori na makuli, mkubaliane kuuza, kusafirisha na kulipana kwa kilo. Pelekeni ombi Manispaa kwamba ushuru nao uwe kwa kilo. Mtakapobishana, na mtabishana, wekeni mzigo kwenye mizani kwanza, halafu kila mmoja aseme lake mpaka mwisho bila kukatizwa. Anzeni msimu huu.